Kiswahili, Luganda au Kiingereza: tuongee nini na watoto nyumbani?

Familia iliyotoka Bukavu, Uvira au Bunia, mashariki mwa Kongo, ikapanga vyumba viwili Katwe au Nsambya, mitaa ya Kampala, haikuja mikono mitupu. Imekuja na Kiswahili, Kifaransa cha shule, na mara nyingi lugha ya ukoo pia: Mashi, Kifuliiru, Kibembe, Kihema. Kabla mwaka haujaisha watoto wameokota Luganda uwanjani na Kiingereza darasani, na mama anajibiwa kwa lugha asiyoijua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hapo ushauri haukosekani. Mwalimu anasema hivi, mchungaji anasema vile, na shemeji aliyeko Kanada anapiga simu na la kwake.

Hapa nazilinganisha njia nne ambazo wazazi hufuata, wengine kwa kukusudia na wengine bila kujua kwamba wamechagua. Nawaandikia wazazi wanaozungumza Kiswahili na kulea Uganda, wawe Wakongomani, Warundi, Wakenya au Watanzania. Ninao upande wangu, na nitautaja.

Usipochagua, kinatokea nini?

Wanaisimu wanaofuatilia familia za wahamiaji, Joshua Fishman akiwa miongoni mwa waliotangulia, wameeleza mwendo unaojirudia sana Marekani: anayehama anaongea lugha yake na kujifunza ya ugenini kwa taabu, mwanawe anaongea zote mbili, mjukuu anabaki na moja tu, ile ya ugenini. Lakini hatuhitaji kwenda Marekani kuuona mwendo huo. Uganda ina mifano yake, na inatofautiana kwa namna inayofundisha.

Chukua Wanyarwanda. Wakati wa ukoloni, kuanzia miaka ya 1920, maelfu yao waliingia Buganda kulima pamba na kahawa kwa ujira. Waliishi wametawanyika katika mashamba ya Waganda, wakaoana nao, na wengi wakachukua majina ya koo za Kiganda. Wajukuu wao wengi leo wanaongea Luganda, na Kinyarwanda wanakisikia kwa wengine tu. Sasa linganisha na Wanyarwanda waliokimbia vurugu za 1959 na miaka iliyofuata, wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale. Hao walikaa zaidi ya miaka 30 na bado watoto waliozaliwa huko walijua Kinyarwanda, Runyankore wakaiongea na majirani, na Kiingereza wakakipata shuleni. Wengi waliporudi kwao baada ya 1994 walirudi na zote tatu, na Kiingereza hicho kilikuwa tayari kina wenyewe pale Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza mashuleni.

Lugha ni ile ile na nchi ya ugenini ni ile ile, ila waliyovuna hayafanani. Kundi la kwanza lilikuwa na kila sababu ya kuonekana Waganda, na halikuwa na kijiji chake. Kundi la pili liliishi pamoja, na habari ya kurudi nyumbani ilikuwa mazungumzo ya kila jioni.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda zaidi: Wanubi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala. Mababu zao walikuwa askari waliobaki wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, ambao afisa Mwingereza Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891. Zaidi ya karne moja baadaye Kinubi bado kinasikika nyumbani mwao, na katiba ya 1995 inawataja miongoni mwa jamii za asili za Uganda. Jeshini walikitumia Kiswahili na sokoni Luganda, na hakuna iliyokula Kinubi, kwa sababu Kinubi kilikuwa na mahali pake: nyumbani, harusini, katika mtaa wao wenyewe. Kwa hiyo mtu akikwambia kichwa cha mtoto hakibebi lugha tatu, mpeleke Bombo.

Njia ya kwanza: Kiingereza nyumbani

Hii ndiyo inayovutia kuliko zote, na sababu zake si za kubeza. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi unafanywa kwa Kiingereza. Shule nyingi za Kampala zinafundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, na nyingine humwadhibu mtoto akisikika anaongea kitu kingine. Watoto waliosoma kwa Kifaransa kule Kongo hurudishwa madarasa ya chini, kijana wa miaka 13 akikaa na wa miaka 9, na hakuna mzazi anayetaka kuliona hilo mara mbili. Juu yake kuna ndoto ya kuhamishiwa Marekani, Kanada au Australia.

Shida iko mdomoni mwa mzazi. Baba ambaye Kiingereza chake kinatosha kuuza vitenge hana Kiingereza cha kueleza kwa nini babu aliuza ng'ombe wote, cha kutania, wala cha kumtuliza mtoto aliyeota ndoto mbaya. Anabaki na amri: njoo, kaa, kula, acha. Mtoto anapata maneno machache kutoka kwa mtu ambaye angempa mengi. Halafu baada ya miaka michache mtoto anamzidi, anaanza kumsahihisha mbele ya wageni, na kuanzia hapo kumkanya kunakuwa kazi ya aibu. Nimewasikia wazazi wakilalamika kwamba watoto wa Kampala hawana adabu. Mara nyingine tatizo ni dogo kuliko hilo: anayekanya hana maneno.

Isitoshe, shule inakitoa Kiingereza hicho hicho kutwa nzima, na kwa mtu aliyesomea kukifundisha. Kukirudia nyumbani kwa ubora wa chini ni kulipa mara mbili. Naiona njia hii inafaa nyumba moja tu: ile ambayo wazazi wenyewe, wakigombana usiku, hugombana kwa Kiingereza.

Njia ya pili: kuiachia Luganda

Karibu hakuna anayekaa chini akaamua hivi. Hutokea yenyewe. Kifungua mimba anaileta kutoka shuleni, anaiongea na wadogo zake, na kufikia kitindamimba nyumba nzima imegeuka. Ukitaka kujua familia imefika wapi, msikilize mtoto wa mwisho.

Faida zake ni za kweli. Anayejua Luganda hapandishiwi bei soko la Owino, hababaiki kwenye taksi, wala haitwi mgwira, yaani mgeni, kila anapofungua mdomo. Mtoto anayepiga magoti na kumsalimu jirani, "Mwasuze mutya, jjajja," amefungua mlango ambao kitambulisho cha ukimbizi hakifungui.

Kuna sababu nyingine ambayo wageni huchelewa kuielewa. Kiswahili kina historia ngumu Buganda. Daudi Chwa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, alipinga waziwazi mpango wa wakoloni wa kukieneza mwishoni mwa miaka ya 1920. Baadaye kikawa lugha ya jeshi, Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Kampala wakajifunza maana ya "panda gari", zile operesheni za askari kukusanya raia na kuwapakia kwenye malori. Mzee wa Kiganda anayekunja uso akisikia Kiswahili kwenye taksi hamchukii mwanao, anakumbuka malori. Lakini mtoto hajui hayo. Anachojua ni kwamba Kiswahili cha mama kinakunja nyuso za watu, na anajifunza kunyamaza akiwa naye barabarani. Mzazi aliyemweleza mtoto historia hii amemwondolea aibu isiyo yake.

Sasa upande wa pili. Thamani ya Luganda ina mipaka ya kijiografia. Ukihamia makazi ya wakimbizi ya Kyangwali au Kyaka II, lugha za wenyeji ni Runyoro na Rutooro. Nakivale ni Runyankore, na kati ya wakimbizi wenyewe, Wakongomani na Warundi, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Ukivuka mpaka kurudi Kongo, kwa Kasindi au Bunagana, Luganda haina wa kuongea naye. Na kama ilivyo kwa Kiingereza, mtaa unaitoa bure. Sijaona mtoto aliyekulia Kibuye akaikosa Luganda kwa sababu nyumbani waliongea kitu kingine.

Anayehitaji kuwekewa mpango wa kujifunza Luganda ni mzazi. Mama asipoijua, mtoto wa miaka 10 ndiye anakuwa mkalimani wake kwa mwenye nyumba, shuleni, na hata kliniki, ambako anamtafsiria muuguzi habari za uzazi za mama yake mzazi. Huo ni mzigo usiomfaa mtoto, na unapindua nyumba: mtoto anajua siri, anajua deni, na ndiye anayeamua lipi lisemwe. Kuna madarasa ya watu wazima. YARID, shirika lililoanzishwa na vijana wakimbizi wa Kikongomani Kampala mwaka 2007, limefundisha wengi Kiingereza. Na Luganda ya kutosha kwa kliniki unaweza kuipata kwa jirani mwenye subira, mkibadilishana na somo la kupika sombe.

Njia ya tatu: kila mzazi na lugha yake

Baba Mkongomani, mama Mganda. Au mama kutoka Mombasa, baba Mtooro. Nyumba za namna hii Kampala ni nyingi, na ushauri wanaopewa ni wa zamani: mwaka 1913 Mfaransa Jules Ronjat aliandika jinsi alivyomlea mwanawe Louis, yeye akimwongelesha Kifaransa tu na mkewe Kijerumani tu. Mtoto akazijua zote mbili.

Ni njia ya haki, maana hakuna mzazi anayenyang'anywa lugha. Lakini mizani haiko sawa. Lugha ya mama Mganda inaungwa mkono na mtaa mzima, mashangazi, redio na kanisa. Kiswahili cha baba kinamtegemea baba peke yake, na baba huyo anatoka asubuhi na kurudi saa tatu usiku, watoto wamelala. Mtafiti Annick De Houwer alichunguza karibu familia 1,900 huko Ubelgiji, upande wa Waflemi wanaoongea Kiholanzi, ambako angalau mzazi mmoja aliongea lugha isiyo Kiholanzi. Katika matokeo aliyoyatoa mwaka 2007, watoto wote walijua lugha ya nchi. Ile nyingine ndiyo iliyoponyoka: takriban familia moja kati ya nne haikuwa na mtoto aliyeiongea. Njia ya kila mzazi na lugha yake ilifaulu katika kama robo tatu ya nyumba. Wazazi wote wawili walipoongea lugha ya ugeni nyumbani, na si zaidi ya mmoja wao kuchanganya na Kiholanzi, waliofaulu walikuwa zaidi ya tisa katika kila kumi.

Ubelgiji si Makindye, najua. Ila mantiki inavuka: lugha dhaifu inataka vinywa viwili. Kama mama Mganda anakielewa Kiswahili, akitumie na watoto hata kwa saa za jioni tu. Luganda haitapungukiwa kitu.

Njia ya nne: Kiswahili ndani, nyingine nje

Hii ndiyo ninayoipendelea kwa nyumba ambayo wazazi wote wawili wana Kiswahili chepesi, na nitaikalia zaidi kwa sababu ndiyo inayohitaji kazi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ndani ya mlango, watu wazima wanaongea Kiswahili na watoto na wao kwa wao. Nje, kila lugha na mahali pake. Mtoto haadhibiwi kwa kujibu kwa Luganda. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeileta nyumbani ile adhabu ya shule. Mzazi anaendelea tu kwa Kiswahili, analirudia jibu la mtoto kwa Kiswahili kana kwamba hajasikia vizuri, anauliza tena. "Nkooye." "Umechoka? Umechoka na nini?" Mzazi anayekubali kila jibu la Luganda na kulijibu kwa Luganda anamfundisha mtoto kwamba Kiswahili ni cha kusikia tu. Nyumba nyingi zinaishia hapo: mtoto anaelewa kila kitu, hasemi chochote.

Upande wa shule umebadilika kwa faida ya njia hii. Tangu 2005 katiba inakitambua Kiswahili kama lugha rasmi ya pili. Katika mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ni somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Utekelezaji unachechemea, walimu hawatoshi. Lakini hebu fikiria: mtoto wako anakaa darasani na wenzake wanaojifunza kusema "hujambo" wakiwa na miaka 14, na yeye ameota kwa lugha hiyo tangu utotoni.

Hapa lazima nitoe tahadhari. Kiswahili cha Bukavu si kile cha mtihani. Mtoto anayesema "batoto biko nacheza" ataona kalamu nyekundu, na mwalimu asiye na busara atamwambia hajui Kiswahili. Anajua. Anachohitaji ni sarufi ya pili juu ya ile aliyonayo, na hiyo hupatikana kwa kusoma na kusikiliza: Biblia ya Kiswahili sanifu au mashairi kwa familia za Kiislamu, idhaa za Kenya na Tanzania, vitabu vya hadithi vinavyoletwa kutoka Nairobi. Usimsahihishe mtoto kila sentensi mezani. Kiswahili cha nyumbani kibaki cha kupendana na kugombana, cha mtihani kipewe nusu saa yake.

Na kazi? Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, wafanyabiashara wa Kongo na Sudan Kusini wanaongea Kiswahili. Mipakani Mpondwe, Busia na Malaba mizigo mingi inavuka kwa Kiswahili. Katika nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ambako familia inaweza kujikuta imehamia kesho, kutoka Bujumbura hadi Mombasa, kitamfaa mtoto. Luganda na Runyankore hazisafiri hivyo.

Lugha ya bibi

Ziko nyumba ambamo Kiswahili chenyewe ndicho kinachokula lugha nyingine. Bibi anaongea Mashi, mama anaelewa Mashi na kuongea Kiswahili, mtoto hana Mashi kabisa. Ile safari ya vizazi vitatu ilianza kabla ya kuvuka mpaka. Kama bibi yuko nyumbani na ana nguvu, mwachieni watoto na lugha yake; asilazimishwe Kiswahili kibovu ili "watoto wasichanganyikiwe". Kama hayupo, na hakuna mtu mzima anayeiongea bila kutafuta maneno, nasema kwa uchungu kidogo: wekeni nguvu kwenye Kiswahili, na lugha ya ukoo ibaki katika majina, nyimbo na salamu. Wahindi waliofukuzwa na Amin mwaka 1972 wakafika Leicester wana hali kama hiyo kwa upande wao. Kiswahili chao kimebaki jikoni, ambako muhogo bado ni "mogo" na karanga ni "jugu" kwa watu waliozaliwa Uingereza.

Basi uchague ipi?

Kama mnaishi Kampala na wote mnaongea Kiswahili, njia ya nne, na wazazi wajifunze Luganda kwa ajili yao. Kama ndoa ni ya mchanganyiko, njia ya tatu, huku lugha dhaifu ikipewa zamu ya ziada. Katika makazi ya Nakivale au Rwamwanja njia ya nne haina jasho, kwa kuwa majirani wanaiunga mkono. Huko nguvu iende kwenye Kiingereza, maana shule zimejaa na mwalimu mmoja ana watoto wengi mno. Fanyeni marudio ya shule kwa Kiingereza jioni, lakini maongezi ya sufuriani yabaki ya nyumbani.

Kama faili lenu la kuhamishiwa ng'ambo liko njiani, wengi huniambia hapo ndipo Kiingereza kihamie nyumbani. Mimi naona kinyume. Mtoto akifika Ohio au Winnipeg atakipata Kiingereza kwa shuruti, na Luganda itamtoka kwa kasi ya kushangaza kwa sababu hakuna wa kuiongea naye. Mtakachokuwa nacho pamoja ni kile mlichokiongea jioni.

Kuna kundi moja ambalo ulinganisho huu hauwafai: vijana waliofika wakiwa na miaka 13 au zaidi. Kiswahili chao kimekomaa, hakiendi popote. Wanachokosa ni Kiingereza cha darasani, na muda wao ni mfupi. Kwao nasema vunja kanuni zote: filamu za Kiingereza, marafiki wa Kiingereza, kaka mkubwa awasomeshe kwa Kiingereza hata mezani. Mdogo wao wa miaka mitatu, pale pale mezani, aendelee kuongeleshwa Kiswahili.